KWANZA ISOMEKE, NDIPO IPENDEZE

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie maandishi. Si maana yake, bali sura yake.

Usiku mmoja mwanangu alishikwa na homa, na umeme ulikuwa umekatika. Nilichukua chupa ya dawa nikaisogeza karibu na kandili ili nitazame kipimo. Chupa yenyewe ilipendeza kwelikweli. Karatasi yake ilikuwa nyekundu, pembeni maua, na jina la dawa limenakshiwa kama mlango wa Lamu. Lakini maneno niliyoyahitaji, yaani vijiko vingapi na mara ngapi kwa siku, yalikuwa madogo kama punje za ulezi, tena kwa rangi ya dhahabu juu ya wekundu ule. Nikamwita jirani mwenye miwani, naye akashindwa. Kukisia hatukuthubutu. Tulimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji hadi kulipopambazuka.

Simlaumu sana aliyeichora karatasi ile. Bila shaka aliichora mchana, mezani, penye mwanga tele, na maneno yake alikwisha yajua. Mtu anayejua kilichoandikwa hasomi, anatazama tu. Kosa huanzia hapo.

Jicho halidai mengi. Linataka rangi ya herufi iachane wazi na rangi ya karatasi, herufi ziwe na ukubwa wa kutosha, na mistari ipate nafasi ya kupumua. Nyeusi juu ya nyeupe huvumilia hata mwanga wa koroboi. Dhahabu juu ya nyekundu hufifia mara mwanga unapopungua.

Je, uzuri ni adui wa usomaji? Hata kidogo. Tazama kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo na mji hujaa michoro na rangi, lakini jina huwekewa mahali pake, ndani ya mstatili, kwa herufi zilizonyooka. Maua hayalipandi. Ndiyo maana ujumbe wa kanga humfikia mlengwa hata mkipishana njiani!

Swali ni lipi litangulie. Waingereza walikutana na swali hilo walipoanza kujenga barabara za magari ya mwendo wa kasi. Ya kwanza, inayopita kando ya mji wa Preston, ilifunguliwa mwaka 1958. Vibao vyake vilichorwa na Jock Kinneir akishirikiana na Margaret Calvert, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Majina ya miji waliyaanza kwa herufi kubwa, zilizofuata zikawa ndogo. Mchonga herufi mashuhuri, David Kindersley, akapinga. Yeye alitaka herufi kubwa tupu, zenye vijikia nchani.

Ubishi huo haukuachwa kwa wenye sauti kubwa. Watafiti wa barabara walikwenda kwenye uwanja wa ndege wa Benson, wakawaketisha watu vitini, kisha gari lililobeba kibao juu yake likaendeshwa kuwaelekea, ili ijulikane maneno yanaanza kusomeka kutoka umbali gani. Herufi za Kindersley zilisomeka kwa mbali zaidi, lakini kwa tofauti ndogo sana. Kwa kuwa zote zilifaa, ndipo uzuri ukaruhusiwa kuamua, na zile za Kinneir na Calvert zikachaguliwa. Tangu Januari 1, 1965 alama walizozibuni zikaanza kuenea katika barabara zote za Uingereza.

Angalia mpangilio wake: kipimo kwanza, urembo baadaye. Lau vibao vile visingesomeka, dereva mwenye kasi angelipa kwa roho yake.

Basi nawaomba wanaotuchapia karatasi za dawa, tiketi za basi na fomu za hospitali. Kabla ya kuchapa nakala elfu, chapeni moja. Mpeni mtu asiyejua kilichoandikwa, mzee ikiwezekana, tena jioni. Akisoma bila kusita, ongezeni maua mpendavyo. Akikunja uso, msimwambie anunue miwani. Rudini mezani.

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chupa yangu ilikuwa na dawa ndani, dawa nzuri. Lakini kwa usiku ule, haikutufaa kuliko kipande cha mti.

Hadi juma lijalo, kwaherini.