USALAMA WA WANAFUNZI NI KAZI YA CHAMA PIA

Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililokuwa likitoka Arusha kwenda Karatu liliacha njia katika mteremko wa Rhotia na kutumbukia korongoni. Lilikuwa limechukua wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent, waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wanafunzi 3 tu walinusurika.

Mkulima wa Endamarariek apelekaye mazao yake Arusha hupita mahali hapo. Hivyo msiba ule haukuwa wa watu wa mbali, na fundisho lake lawahusu wanachama wote wenye watoto shuleni. Aidha, kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Shirikisho la Ushirika la Kimataifa mjini Manchester mwaka 1995, yavitaka vyama kuijali jamii vinamofanyia kazi. Shule ni sehemu ya jamii hiyo. Yafaa basi hatari tatu kubwa zifahamike, pamoja na yale ambayo chama cha msingi chaweza kuyafanya.

Hatari ya barabara

Gari likiongeza mwendo maradufu, nguvu inayohitajika kulisimamisha huongezeka mara nne. Kwenye mteremko mrefu, dereva anayetegemea breki peke yake huzipasha moto hata zikashindwa kushika. Ndiyo sababu gia ndogo hutiwa kabla ya kuanza kuteremka, wala si katikati. Gari lililojaza watu kupita kiasi huongeza hatari hiyo.

Katika jambo hili chama kina mamlaka yake mwenyewe. Lori lililokodiwa na chama kubeba mbaazi au mahindi lisipakie wanafunzi juu ya magunia, hata kama wazazi wenyewe wameomba. Katibu aandike sharti hilo katika mkataba wa ukodishaji, na dereva asomewe. Tena, magari ya mazao yasipite mbele ya shule saa watoto wanapoingia au kutoka, maana vumbi la kiangazi humzuia dereva kumwona mtoto.

Hatari ya maji

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, makorongo yaliyo makavu mwaka mzima hujaa ghafla. Mvua huweza kunyesha milimani na maji yakafika bondeni wakati anga la huko li jeupe. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimeta 60 huchukua hata magari. Mwezi Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji katika korongo jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kijiji na shule vikubaliane mapema ni vivuko vipi watoto huvitumia, vichomekwe vigingi vilivyopakwa rangi kuonyesha kina, na mtu mzima ateuliwe kusimama kila kivuko siku za mvua. Maji yakipita alama, mtoto arudi nyumbani au abaki shuleni, na mwalimu asimwadhibu kwa kukosa kuhudhuria. Siku moja ya masomo hufidiwa, uhai haufidiwi.

Hatari ya moto bwenini

Watoto watokao mbali hulala mabwenini, na huko moto ndio adui mkubwa. Tarehe 18 Juni 1994 wasichana wapatao 40 waliteketea katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Septemba 2020 wanafunzi 10 walipoteza maisha katika bweni moja wilayani Kyerwa, mkoani Kagera.

Kutokana na misiba hiyo, kila bweni lahitaji milango miwili inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiyo na nondo za kudumu. Nafasi ya kupita kati ya vitanda. Ndoo za mchanga mlangoni. Na kengele inayojulikana na wote. Mishumaa na vibatari visiingizwe. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa simu namba 114, lakini vijijini gari lake hutoka mbali. Dakika za kwanza ni za waliopo, kwa hiyo zoezi la kutoka nje usiku lifanywe kila muhula.

Namna ya kuanza

Katibu aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu, si katika mengineyo. Kabla ya mkutano, wajumbe wawili wa bodi watembelee shule pamoja na kamati ya shule, waandike kasoro zinazoonekana na gharama ya kila moja. Wanachama waamue kwa kura ni kiasi gani cha ziada kitengwe, na kazi zipi zifanywe kwa nguvu za wananchi. Fedha zikabidhiwe kwa stakabadhi, na hesabu isomwe katika mkutano unaofuata. Ada imefutwa katika shule za serikali tangu Januari 2016. Mchango wa chama usigeuzwe kuwa deni la mzazi, wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake.

Mlango wa pili wa bweni ni mbao, bawaba na siku mbili za fundi. Chama kinachoweza kujenga ghala la mazao hakishindwi na mlango huo.