Muhuri wa Wakili kwa WhatsApp, au Nauli ya Bukoba Mjini?

Dirisha la Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati kahawa ya Kashozi iko kwenye majamvi na fedha yake haijaingia. Ndipo matangazo yanapoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: tuma picha ya vyeti na fomu, lipa kwa simu, utarudishiwa vyote vikiwa na muhuri wa wakili. Hakuna nauli wala foleni. Mwenye elfu kumi mfukoni lazima ashawishike.

Ngoja kwanza. Wakili anapogonga muhuri kwenye nakala, anasema ameuona waraka halisi. Akigonga kwenye kiapo, anasema umeapa mbele yake. Sheria ya Wathibitishaji Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka aandike jina lake na aeleze kwa ukweli ni wapi na lini kiapo kilitolewa. Katika kesi ya D.P. Shapriya, Mahakama ya Rufani ilikataa kiapo kisichotaja mahali, na mawakili wanaijua kesi hiyo vizuri. Sasa wewe umeshinda Kashozi ukianika kahawa, karatasi inasema uliapa Dar es Salaam siku hiyohiyo. Uongo huo umeulipia mwenyewe, na sahihi ni yako.

Watakwambia sheria imebadilika. Ni kweli Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua sahihi za kielektroniki. Lakini picha ya muhuri wa wino iliyobandikwa kwenye faili haiwi sahihi ya namna hiyo kwa sababu tu imepita kwenye simu.

Tuje kwenye hela. Chukulia huyo wa mtandaoni anataka 5,000 kwa nakala, nawe una nakala nne: 20,000. Ongeza makato ya kutuma, bando, na hela ya steshenari ya kuchapisha upya. Huku ukumbuke kwamba ada ya maombi ya mkopo ni 30,000 na hairudi. Fomu ikigomewa kwa sababu ya muhuri, utapanda gari kwenda mjini vilevile, safari hii siku zikiwa zimebaki chache na foleni ya ofisini ikiwa ndefu.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya nauli moja na hasara inayoweza kuishia kwenye nauli ileile. Kwa mtu wa Kashozi, mimi nasema nenda mjini, lakini nenda mara moja tu. Beba vyeti halisi, nakala ulizokwisha kutoa kijijini, na kitambulisho cha taifa. Fomu ya mkopo ina sehemu ya mdhamini na ya serikali ya mtaa au kijiji, basi pitia kwa mtendaji kabla ya kuondoka, na mdhamini awe ameshasaini. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekaa mbele ya wakili, na hapo nauli imeungua.

Uliza bei kwa simu kabla hujatoka nyumbani, na uliza hivi: ni bei ya nakala au ya ukurasa? Kiapo ni bei gani, na kuandikiwa kiapo ni kiasi gani mbali na muhuri? Hapo ndipo penye gharama iliyofichwa. Kugonga muhuri kunaweza kuwa bei ndogo, kuandikiwa kukawa mara kadhaa yake. Wakili akikubali, mtumie rasimu kwa simu aikague mapema, ufike kusaini tu. Hiyo ndiyo kazi halali ya mtandao katika jambo hili, na inaokoa nusu siku. Ukibeba nakala nyingi, omba punguzo, kisha dai risiti ya EFD.

Kuna njia ambayo watu huisahau: hakimu naye ni kamishna wa viapo kwa cheo chake. Kwa kiapo cha kawaida, kama cha tofauti ya majina kwenye vyeti, ulizia Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Ubaya wake ni muda. Hakimu ana kesi zake, na huenda ukasubiri mpaka mchana. Malipo yakitakiwa, omba kontroo namba. Usiweke hela mkononi mwa mtu.

Wa Muleba hesabu yao ni tofauti kidogo. Aliye Muleba mjini ana mahakama ya wilaya palepale. Aliye Bumbire au Goziba ana ziwa la kuvuka, kwa hiyo asubiri hadi awe na karatasi zote, za mikopo na za ajira, azimalize kwa safari moja.

Kitu kimoja kinafanyika mtandaoni kweli: uhakiki wa cheti cha kuzaliwa au cha kifo kwa RITA, kwa 3,000, bila wakili wala nauli. Mtu akikutaka umlipe elfu kumi na tano kwa kazi hiyo, jifanyie mwenyewe.

Na ndugu aliye nje anayetaka uuze au usimamie kibanja chake? Jimbo la Virginia nchini Marekani limeruhusu uthibitishaji wa hati kwa video tangu 2012. Huko na Florida ada ya tendo hilo ina ukomo wa dola 25, yaani zaidi ya shilingi 60,000. Inaonekana rahisi mpaka hati ifike ofisi ya ardhi Bukoba, ambako utaulizwa nani anamtambua mthibitishaji huyo. Kuthibitisha muhuri wa jimbo na kisha wa ubalozi ni gharama nyingine. Aliye Muscat au Washington aende ubalozi wetu moja kwa moja, akishapata maelezo ya ofisi ya ardhi kuhusu namna hati inavyotakiwa kuandikwa, ushuru wa stempu na ada ya usajili.

Popote utakapogongewa, soma jina lililo kwenye muhuri ukiwa bado kwenye kiti, ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wapo hata kwenye ofisi zenye viyoyozi. Jina lisipoonekana, omba hela yako kabla hujasimama.