Neno "Saa" na Safari Yake Hadi Nakuru

Sidhani kuna neno litamkwalo shuleni mwetu zaidi ya "saa". Ni saa ngapi? Saa hii uko wapi? Saa zingine mtu hulitamka bila hata kujua amelitamka. Nimeonelea basi nilichambue katika kurasa hizi za chama chetu, nikianzia kwao.

Kwao ni Uarabuni. Kwa Kiarabu neno hili ni kipindi cha dakika sitini, ni chombo cha kupimia wakati, tena ni ule muda hasa wa kutukia jambo. Waislamu huiita Siku ya Kiyama "Saa". Kiswahili kilizipokea maana hizi zote kwa mikono miwili, ndiposa twasema "saa yangu imesimama", "nimengoja saa nzima" na, mtu akifariki, "saa yake ilifika". Lugha nyingine hugawana kazi. Kipolandi na Kirusi ni ndugu na neno lao ni moja, ila Mpolandi akisema czas anakusudia wakati kwa jumla, naye Mrusi akisema chas anakusudia saa ya dakika sitini.

Kutoka pwani neno likapanda bara. Wagikuyu, ambao lugha yao haina sauti ya "s", wakaliita thaa. Wakalenjin wakasema saait. Baganda nao wakasema essaawa. Kisha ikaja reli, iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani 1901, ikapitia papa hapa Nakuru. Pamoja na serikali ya Waingereza na shule zao, ikaja hesabu ya pili ya saa, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Mswahili huhesabu tangu jua linapochomoza. Saa ya kwanza ya mchana ikiisha, ni saa moja. Hesabu hii inatufaa sana sisi wa Bonde la Ufa, maana Ikweta iko hapo Mogotio tu, kwenye barabara ya kwenda Marigat. Nakuru jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kidogo, mwaka mzima. London je? Mwezi Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba hungoja hadi saa mbili. Mtu wa huko akihesabu kwa jua atachanganyikiwa!

Lakini si sisi pekee. Waethiopia huhesabu hivyo hivyo, na Warumi wa kale pia. Ndiyo sababu katika Injili giza liliingia saa sita hadi saa tisa, na msomaji wa Kiswahili haulizi swali, ilhali Mwingereza akisoma Biblia yake ya zamani hana budi kufafanuliwa kwamba "saa ya sita" ni adhuhuri. Wahispania nao usingizi wao wa mchana, siesta, wameuita kwa saa ya sita hiyo hiyo.

Sasa matata yenyewe. Shangazi yangu wa Njoro alikuwa akiugua jicho. Katika hospitali moja karani aliandika "8.00" kwenye kadi, kisha akamwambia, "Mama, kuja Jumanne saa nane." Karani alitafsiri tarakimu, hakutafsiri saa. Shangazi hasomi vizuri, lakini Kiswahili anakijua barabara. Akafika saa saba na nusu mchana, mapema kabisa, akakuta daktari ameshaenda. Alirudishwa nyumbani kungoja majuma mawili zaidi na jicho lake lile. Mimi nasema shangazi hakukosea hata kidogo. Saa nane ni saa nane. Anayesoma tarakimu ya Kiingereza kwa Kiswahili sharti atoe sita au aongeze sita, na akitaja "asubuhi" au "mchana" hakuna atakayepotea.

Jambo jingine ni "masaa". Walimu wetu hulikata kwa kalamu nyekundu, wakitaka tuandike "muda wa saa mbili". Kwa heshima zote, walimu wangu, nikisema "nitakuja kwa masaa mawili" hakuna atakayedhani nakuja saa mbili. Neno hilo lina kazi yake.

Tena msichanganye neno hili na kitenzi "kusaa", yaani kubaki. Chakula kilichosaa ndicho masazo, na hicho ni Kibantu chetu tangu jadi. Na huko pwani iko "saa" ya tatu, ya kuhimiza tu: "Njoo saa!" Mtu wa Nakuru akiambiwa hivyo husimama kwanza, akingoja atajiwe ni saa ngapi.