Dereva Asilipie Maneno ya Tangazo



Matangazo huonyesha gari dogo lenye umbo la jipu likipanda mlima na kuvuka mto. Mwajiri hulinunua, kisha dereva huambiwa: "Nenda Karamoja, hili ni gari la porini." Je, ni kweli?

Tutazame chini yake. Toyota RAV4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, ilijengwa kama gari la saluni: bodi yenyewe ndiyo hubeba mzigo, haina chesisi ya peke yake. Mengi ya aina hii huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Hata yale yanayotumia magurudumu yote manne, mengi hayana gia ya nguvu ya kutambaa polepole. Katika matope mazito, klachi inayopeleka nguvu nyuma huweza kupata moto na kukata.

Udogo si kosa. Suzuki Jimny ni fupi zaidi, lakini ina chesisi na gia hiyo. Tena haki isemwe: kwenye murram kavu magari ya kwanza yanafaa, wala hayali mafuta mengi.

Lakini udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua hausomi matangazo. Kamati za matawi zidai haya: dereva aulizwe kabla gari halijanunuliwa, hali ya njia iandikwe kabla ya safari, na gari likivunjika mahali lisipopaswa kupelekwa, mshahara wa dereva usikatwe.

Aliyechagua gari ndiye abebe gharama.