Kabla ya kununua kifaa cha kuonyesha njia ziwani

Ilikuwa saa tisa usiku na boti yetu ilikuwa imetoka Musoma na magunia ya dagaa, inaelekea upande wa Kenya. Mwezi hakuwapo. Nahodha alikuwa akifuata mshale kwenye simu yake, akiwa ameifunga kwa mfuko wa nailoni. Wimbi moja likapiga ubavuni, mfuko ukapasuka, na dakika chache baadaye skrini ikaanza kujibonyeza yenyewe. Tukazima mashine tukangoja alfajiri. Kulipokucha tulijikuta tumesukumwa na upepo mbali na mahali tulipodhani tupo, na mwenye mzigo akapoteza soko la siku hiyo.

Tangu hapo, kila ninapokutana na mfanyabiashara anayevuka ziwa, swali ni lile lile: ninunue kifaa gani?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba GPS haihitaji mtandao wa simu. Kifaa kinapokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Hakitumi chochote. Wapo wanaokiogopa wakidhani serikali itawafuatilia kupitia kifaa hicho, na wapo wanaokitegemea wakidhani kitawaita waokoaji boti ikipinduka. Wote wamekosea. Vifaa vinavyoweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti vipo, lakini ni aina nyingine na huwa na ada ya kulipia.

Simu janja nayo ina kipokezi cha GPS ndani yake, na kwa safari fupi za mchana inatosha kabisa, mradi ramani umeipakua ukiwa bado nchi kavu. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi bila bando. Bila mtandao simu huchelewa kidogo kupata setilaiti kwa mara ya kwanza, kwa hiyo iwashe ufukweni, uione imepata mahali ilipo, ndipo usukume boti.

Ubaya wa simu unajulikana na kila aliyewahi kuitumia majini. Kidole kilicholowa hakiielewani na skrini. Jua la saa sita linaifanya isisomeke, na ukiongeza mwanga betri inakwisha. Tena simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako na namba za wateja, na ndiyo utakayoitumia kuomba msaada ukikaribia minara. Kuifanya pia kuwa macho ya boti ni kuitwisha mzigo mzito mno.

Kifaa cha mkononi cha GPS kina sura ya kizamani, vitufe na skrini ndogo, lakini kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Chukua mfano wa Garmin eTrex 10: kinatumia betri mbili ndogo za kawaida zinazouzwa kila duka la rejareja, hukaa takriban saa 20, na kimewekewa kiwango cha IPX7, maana yake kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Hakina rangi wala ramani ya maana, ila juani kinasomeka. Mimi ningechukua hicho kabla ya simu ya bei mbaya. Ila kifunge kamba. Kuzuia maji si kuelea, na ni aina chache tu zinazoelea.

Hata marubani wa ndege zisizo na injini, zile zinazoelea kwa hewa inayopanda, wana tatizo linalofanana na letu: jua kali usoni na betri ndogo. Baadhi yao huchukua kisomeo cha vitabu cha Kobo, chenye skrini inayofanana na karatasi, wakakiwekea programu ya bure iitwayo XCSoar. Wanachotazama zaidi ni kama urefu walio nao angani utawafikisha kwenye uwanja. Ramani nzuri ni ziada. Sisi urefu wetu ni petroli. Kifaa kikikuonyesha kilomita zilizobaki na mwendo wa boti, una hesabu ya kutosha kujua kama dumu litafika.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo watu wengi hupotea hata wakiwa na kifaa kizuri. Ziwa Victoria linakatwa na ikweta. Entebbe iko kaskazini yake, Kisumu iko kusini kidogo, kama dakika sita tu. Ukiandika Kisumu ukasahau herufi S, kifaa kitakupeleka kama kilomita 22 kaskazini, kwenye nchi kavu. Kosa la pili ni kuchanganya digrii na dakika na namba za desimali. Musoma iko digrii 1 na dakika 30 kusini. Kwa desimali hiyo ni 1.5. Ukiandika 1.30 umekosea tena kilomita 22. Mnapopeana namba kwa simu, mwulize mwenzako kwanza kifaa chake kinatumia mtindo gani.

Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85. Na mpaka wa Tanzania na majirani zake wawili katikati ya ziwa ni mstari wa latitudo digrii 1 kusini. Kwa hiyo anayetoka Musoma kwenda kaskazini ana dakika 30, kama kilomita 55, kabla ya kuvuka. Kifaa kikisoma S 1°02' bado uko Tanzania. Kikisoma S 0°58' umeshavuka, na karatasi zako ziwe tayari. Kifaa kinachohifadhi njia uliyopita kinakusaidia kuwaonyesha askari wa doria ulikopita. Hakiwalazimishi kukubali, lakini ni bora kuliko kubishana kwa mikono.

Ukiwa na ramani ya karatasi ya zamani, angalia pembeni kama imeandikwa Arc 1960. Kifaa chako kinatumia kipimo kiitwacho WGS 84, na tofauti ya viwili hivyo kwetu ni kama mita 300. Ziwani katikati si kitu. Kwenye mlango mwembamba kati ya miamba ni boti nzima. Mpangilio huo hubadilishwa ndani ya kifaa.

Miamba yenyewe usitegemee kuiona kwenye ramani za simu. Pita njia yako mchana ukiwa na mtu anayeyajua maji, uirekodi, kisha usiku ufuate mstari huo huo. Ujue pia kuwa vifaa vya bei nafuu hujua upande unaoelekea pale tu mnapotembea. Mashine ikizimika na boti ikazunguka, mshale utadanganya. Ndiyo maana dira ya sumaku isitoke kwenye boti.

Kuhusu kununua, usilipe ndani ya duka. Toka nje mahali penye anga wazi, kiwashe, subiri dakika kadhaa, kisha linganisha namba zake na za simu yako. Zikitofautiana sana, kirudishe. Kiandike kwa Kiingereza au Kifaransa kadiri unavyosoma, na risiti uihifadhi pamoja na hati za mzigo, kwa sababu kwenye forodha kifaa kipya kisicho na risiti huleta maswali.

Betri za akiba ziweke kwenye kopo lenye kifuniko. Nahodha wetu sasa ana makopo mawili.