Utamu Usioganda

Msomaji wetu aliyeko Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, anauliza: mwishoni mwa Oktoba, theluji ikiwa mlangoni, kwa nini majirani zake bado wanahangaika na reki, mashine za kukata nyasi na mifuko ya mbolea? Si kutwanga maji kinuni huko?

Sivyo. Namna ya kushika reki ataonyeshwa na majirani hao hao. Mimi nataka ainame hadi usawa wa udongo, pale majani yanapokutana na mizizi. Mahali hapo nitapaita kitovu, kwa kuwa "shina" lina kazi nyingine na "kichwa" hakikai chini. Majani yote yakikauka na kitovu kikiwa hai, nyasi zitachipua theluji ikiyeyuka. Kitovu kikifa, basi tena.

Nyasi zinazopandwa sana huko ni Kentucky bluegrass, yaani Poa pratensis, mmea uliozoea baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, majani yake hukaribia kuacha kurefuka, lakini usanisinuru unaendelea. Sukari inatengenezwa na haina pa kwenda. Inarundikana kitovuni, nyingi ikiwa imeungwa minyororo iitwayo fruktani.

Sasa kumbuka barafu za ukwaju za kwenye vifuko vya plastiki. Ukifyonza kwa pupa, utamu wote unakuja mwanzoni, unabaki na donge jeupe lisilo na ladha. Maji yanapoganda hujipanga yenyewe kwa yenyewe na kuisukuma sukari kando. Utamu unajikusanya katika majimaji machache, mazito, yaliyojibanza kati ya chembe za barafu na kukataa kuganda. Kitoe kifuko kabla hakijashika, ukiminye: kinachochirizika kwanza ni ukwaju uliokolea, karibu uwe shira.

Kitovu kinafanya hivyo hivyo, ila kwa mpango. Barafu huanzia nje ya seli, katika nafasi zilizo kati yake, ambako maji hayana sukari nyingi. Barafu hiyo inayavuta maji ya ndani, yanapita kwenye utando wa seli na kugandia nje. Seli inasinyaa, na kila tone linalotoka linayaacha yaliyobaki ndani yakiwa shira zaidi. Utando wenyewe ulishabadili mafuta yake wiki kadhaa kabla ili usikakamae. Barafu ikibaki nje, seli inaweza kupona. Ikiingia ndani, inaichana. Ukoka wa Kikuyu, wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, haujui ufundi huu kwa kiwango hicho, kwa hiyo Minnesota ungekufa.

Hapo reki inaeleweka: majani ya miti yaliyolundikana yanaziba mwanga, na bila mwanga hakuna sukari. Yakiwa machache, mashine iyasage yabaki hapo hapo. Nyasi zikatwe hadi sentimita 6 hivi, maana zikilala ndefu chini ya theluji hushikwa na ukungu. Mbolea ya naitrojeni itangulie baridi. Ikichelewa mno, itachipuza majani mororo yatakayokula akiba. Na msomaji asome mfuko kabla ya kulipa: tangu 2005 sheria ya Minnesota inazuia fosforasi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa kwa nyasi mpya au udongo uliopimwa ukaonekana una upungufu, kwa sababu ikisombwa na maji hulisha mwani wa maziwani.