Andrea Pirlo: Kiungo Aliyerudi Nyuma Akauona Uwanja Wote

Andrea Pirlo alizaliwa tarehe 19 Mei 1979 huko Flero, mji mdogo ulio jirani na Brescia, kaskazini mwa Italia. Alilelewa kisoka katika timu za vijana za klabu ya Brescia, na tarehe 21 Mei 1995, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 16, aliingizwa uwanjani katika mechi ya Serie A dhidi ya Reggiana. Msimu wa 1996/97 alikuwemo katika kikosi cha Brescia kilichotwaa ubingwa wa Serie B na kurejea Ligi Kuu. Enzi hizo alicheza namba 10, nyuma ya washambuliaji, na wengi waliamini kwamba hapo ndipo jina lake lingejengwa.

Inter Milan ilimsajili mwaka 1998, na huko mambo yakakwama. Nafasi yake ilikuwa na wenyewe, akiwemo Roberto Baggio. Tena Pirlo hakuwa na mbio. Namba 10 hupokea mpira mara nyingi akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani huku beki akimpumulia shingoni. Asipoweza kugeuka na kuchomoka haraka, hunyang'anywa. Alipelekwa kwa mkopo Reggina, ambako alicheza vizuri msimu wa 1999/2000, lakini aliporudi Inter alikuta benchi likimsubiri. Ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho alikuwa nyota wa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21 iliyoshinda ubingwa wa Ulaya mwaka 2000, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Kipaji kilikuwepo, ila hakikuwa kimepata mahali pake.

Mahali hapo palionekana Brescia, alikorudi kwa mkopo Januari 2001. Kocha wake alikuwa Carlo Mazzone, mzee aliyezeekea katika kazi hiyo, na namba 10 wa timu alikuwa Baggio yuleyule, aliyekuwa amehama Inter. Mazzone alimrudisha Pirlo nyuma, akamweka mbele ya mabeki. Tarehe 1 Aprili 2001, timu ikiwa Turin kupambana na Juventus, Pirlo alipiga pasi ndefu kutoka katikati ya uwanja. Baggio akaupokea mpira ukiwa hewani, akampita kipa Edwin van der Sar kwa mguso huohuo mmoja na kusawazisha. Goli lile hutajwa zaidi kwa ustadi wa Baggio, nayo ni haki yake, lakini anayetaka kuielewa safari ya Pirlo aanzie kwenye pasi ile.

Kiungo anayesimama mbele ya mabeki huupokea mpira akilitazama lango la wapinzani, uwanja wote ukiwa wazi mbele yake. Mshambuliaji anayetaka kumkaba hulazimika kutoka mbali, na mwendo huo humpa kiungo sekunde moja au mbili za kuamua. Pirlo hakuhitaji zaidi ya hizo. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza kichwa kulia na kushoto, ameshajua nani yuko huru, na mara nyingi mguso wake wa kwanza ulikuwa tayari unaelekea upande wa pasi. Kukosa mbio kukaacha kuwa kasoro, kwa sababu aliyekimbia ni mpira.

AC Milan ilimchukua mwaka 2001, na Carlo Ancelotti, aliyepewa timu Novemba mwaka huo, akaujenga mfumo wake juu ya wazo hilo. Ilikuwa hatari, maana makocha wengi walitaka kiungo wa nyuma awe mkabaji mwenye nguvu. Ancelotti alilitatua jambo hilo kwa kumzungushia Pirlo watu wa kazi. Gennaro Gattuso alikimbia na kukaba kwa niaba yake, Clarence Seedorf akasaidia upande wa pili, na mbele yao akacheza Rui Costa, baadaye Kaká. Milan hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 kwa kuifunga Juventus kwa mikwaju ya penalti huko Manchester, na tena mwaka 2007 kwa kuifunga Liverpool 2-1 huko Athens. Katika fainali hiyo ya pili, mpira wa adhabu alioupiga Pirlo ulimgonga Filippo Inzaghi na kutinga wavuni.

Kati ya mataji hayo mawili kulikuwa na usiku wa Istanbul, mwaka 2005. Milan iliongoza 3-0 hadi mapumziko, Liverpool ikasawazisha, na penalti ya Pirlo ikaokolewa na Jerzy Dudek. Katika kitabu cha maisha yake, Pirlo aliandika kwamba baada ya fainali hiyo alifikiria kuachana kabisa na soka.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa Ujerumani akiichezea Italia katika Kombe la Dunia, na hapo ndipo kilele cha kazi yake kilipo. Alifunga goli la kwanza la Italia katika mashindano hayo, dhidi ya Ghana. Katika nusu fainali, Italia na wenyeji walikuwa bado 0-0 dakika ya 119. Mpira wa kona uliookolewa ukamwangukia Pirlo nje ya eneo la hatari. Kila mtu alitarajia apige shuti. Badala yake alisogea nao taratibu kuelekea kulia, mabeki wa Ujerumani wakamfuata, kisha akausukuma katikati yao bila hata kumtazama Fabio Grosso, aliyeujaza wavuni kwa mguu wa kushoto. Utulivu huo, baada ya karibu saa mbili za kukimbia, ndio uliomtofautisha na viungo wengine wa enzi yake. Katika fainali dhidi ya Ufaransa, kona yake ilizaa goli la kusawazisha la Marco Materazzi, na zilipofika penalti yeye ndiye aliyeifungulia Italia. Alichaguliwa mchezaji bora wa mechi ile.

Wapinzani nao walijifunza. Mwaka 2010, Alex Ferguson wa Manchester United alimpa Park Ji-sung kazi ya kumganda Pirlo kila aendako katika Ligi ya Mabingwa, na Milan ikatolewa. Mwaka uliofuata, baada ya mechi 401 na ubingwa wa pili wa Italia, Milan ilimwacha aende bure. Alikuwa na miaka 32, ameandamwa na majeraha, na kocha Massimiliano Allegri alipendelea mtu wa nguvu zaidi katika dimba la kati.

Lilikuwa kosa kubwa. Juventus, iliyokuwa imemaliza ya saba misimu miwili mfululizo, ilimsajili bila kulipa ada. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Parma, pasi yake ndiyo iliyozaa goli la kwanza. Msimu huo wa 2011/12 Juventus ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na Pirlo akatwaa mataji manne ya ligi kwa misimu minne.

Katikati ya mwaka 2012, katika robo fainali ya Euro mjini Kyiv, Italia ilikuwa nyuma ya Uingereza 2-1 kwenye penalti. Golini, Joe Hart alikuwa akirukaruka. Pirlo akaubetua mpira kwa upole katikati ya lango, Hart akiwa ameshajirusha pembeni. Baadaye alieleza kwamba aliamua hivyo kwa kuona jinsi kipa alivyohangaika. Waingereza wawili waliofuata wakakosa, Italia ikasonga mbele hadi fainali, ambako Hispania iliishinda 4-0.

Mipira ya adhabu ilikuwa silaha yake nyingine. Alimchunguza kwa muda mrefu Mbrazili Juninho Pernambucano, akagundua kwamba siri ilikuwa kuugusa mpira kwa chini, kwa vidole vitatu tu vya mguu, ili upae bila kuzunguka kisha udondoke ghafla. Kwa njia hiyo alifunga magoli 26 ya moja kwa moja katika Serie A, mawili pungufu ya rekodi ya Siniša Mihajlović.

Aliondoka Juventus mwaka 2015 baada ya kupoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa mbele ya Barcelona, akaenda New York City FC, na mwishoni mwa 2017 akatundika daluga. Timu ya taifa aliichezea mechi 116 na kuifungia magoli 13.

Ukocha haukumnyookea hivyo. Juventus ilimkabidhi timu mwaka 2020 akiwa hajawahi kufundisha timu ya wakubwa. Alitwaa Kombe la Italia na Super Cup ya Italia, lakini akamaliza wa nne katika ligi ambayo klabu hiyo ilikuwa imeitawala kwa misimu tisa, na nafasi yake akapewa Allegri. Alikwenda Fatih Karagümrük ya Uturuki, kisha Sampdoria, iliyomwachisha kazi Agosti 2024, msimu mpya wa Serie B ukiwa ndio kwanza umeanza.